Mwethya wa Kushangilia

Jumamosi ambayo timu ya mpira wa vikapu ya Chuo cha Ualimu cha Kwa Kivuva ilicheza na wageni kutoka Machakos, watazamaji walikuwa mpishi wa chuo, mbwa wa mpishi, na mwanachuo mmoja mwenye malaria aliyeambiwa na muuguzi akaote jua. Chuo kilishinda. Mpishi alipiga makofi kidogo, akakumbuka kwamba maharagwe yake yako motoni, akaondoka na mbwa akamfuata. Yule wa malaria alikuwa amesinzia.

Mambo yangeishia hapo, lakini siku hiyo afisa wa elimu alikuwa amekuja kutoka mkoani kuutazama uwanja mpya. Aliketi kwenye kiti chenye kitambaa, akanywa soda yake, akageuza shingo kushoto na kulia.

"Uwanja ni mzuri," alisema. "Lakini watu wako wapi?"

Mkuu wa chuo, Mwalimu Mwangangi, alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Alisema watu wako mashambani. Afisa aliyatazama mashamba, ambayo hayakuwa na jani wala mtu, akasema michezo ya vyuo vya mkoa mzima itafanyika hapa mwaka ujao na hatavumilia viti vitupu. Kisha akapanda gari lake.

Uwanja ulikuwa mzuri kweli, hilo hakuna aliyelikana. Sakafu yake ilikuwa ya simiti laini isiyo na ufa, mistari imechorwa kwa rangi nyeupe, nguzo ni za chuma. Vyuo vingine vya Ukambani vilikuwa bado vinadunda mpira kwenye vumbi. Simiti hiyo ilikuwa ya tangi la maji. Kwa Kivuva nzima ilijua, kuanzia chifu hadi watoto wanaochunga mbuzi, na hakuna aliyelisema hadharani, kwa sababu miaka ile aliyesema jambo hadharani alipelekwa mjini Kitui akaulizwe ametumwa na nani.

Syokau ndiye aliyelitaka tangi hilo. Mwaka wa njaa ya mahindi ya manjano, mto ulikauka mpaka maji yakawa yanachimbwa mchangani, kwa kina cha watu wawili waliosimamiana mabegani. Kifungua mimba wake, Mbula, alishuka shimoni kuteka, mchanga ukamporomokea. Walimtoa jioni, kata bado iko mkononi. Tangu siku hiyo Syokau alibaki na binti mmoja, Kalunde, na Kalunde naye alikuwa akishuka shimo hilo hilo kila asubuhi, kwa kuwa watu hawawezi kuacha kunywa maji kwa sababu wamefiwa. Kijiji kiliendelea kumwita Syokau Mama Mbula. Hakutaka aitwe vingine.

Baada ya maziko alisimama kwenye baraza akasema tangi lijengwe chini ya Ivia Itune, lile jiwe jekundu kubwa lililolala bondeni kijijini. Mvua ikinyesha hata kidogo, jiwe lote hutiririsha maji yakapotelea kwenye vichaka, na kilichobaki juu yake ni vidimbwi ambavyo wanawake huvikausha kwa wiki moja. Ukijengwa ukuta chini yake, maji yatakaa mwaka mzima. Hakukuwa na haja ya msomi kulieleza jambo hilo.

Wanawake wa mwethya ndio waliobeba. Mwethya ni kundi la kazi: leo wanachimba matuta ya huyu, kesho wanapalilia shamba la yule. Anayeita mwethya hutaja kazi, huwapikia, na siku akiitwa na yeye huenda. Syokau alikuwa mwenyekiti. Waliubeba mchanga kutoka mtoni kwa kamba ya ngozi iliyopita kwenye paji la uso, wakavunja kokoto, wakaimba wimbo mmoja tu msimu mzima, wa kupeleka mzigo Ivia Itune. Harambee ikafanyika. Wenye kuku waliuza kuku. Simiti ikaja, fundi akaja kutoka Sultan Hamud na pimamaji yake. Ndipo lori la chuo lilipoteremka kutoka kilimani siku ya kwanza ya kazi na kuchukua simiti, mchanga, kokoto na fundi pia. Waliambiwa ni kuazima tu. Kwenye lori alikuwapo mwalimu wa michezo, Kiilu, aliyeshika mlango na kutazama miguu yake muda wote.

Kwa hiyo watu hawakuja kutazama mpira. Mwalimu Mwangangi alilichukua jambo hilo kama tatizo la burudani. Aliweka bendera za rangi. Alimleta Salim, mwenye duka mjini Kitui, auze soda na mahamri kando ya uwanja. Alisogeza mechi kutoka saa nane hadi saa kumi ili jua lipoe. Akamwagiza Kiilu afundishe wanachuo nyimbo za kushangilia, na wanachuo wakaziimba kama wanaosoma majina ya walioanguka mtihani. Viti vikabaki vitupu. Salim alikula mahamri yake mwenyewe.

"Shida ni huku juu," Salim alimwambia. "Watu hawawezi panda kilima na Jumamosi ni siku ya maji. Mpira ingekuwa huko chini karibu na wao, wangekuja."

Mwalimu Mwangangi alimjibu kwamba uwanja hauna miguu. Akaenda kwa chifu.

Chifu aliitisha baraza na kusema kila nyumba itoe mtu mmoja wa kutazama mpira kila Jumamosi. Asiyetoa mtu atatembelewa na askari. Kisha Mwalimu Mwangangi akasimama, akatabasamu, na kwa kuwa yeye pia ni Mkamba, ijapokuwa alilelewa Nairobi kwa mjomba, akaona awatie watu moyo kwa kutumia mila yao. Alisema anauita mwethya. Mwethya wa kushangilia.

Syokau akasimama.

"Kazi ni gani?" aliuliza.

"Hakuna kazi, mama. Ni kuimba tu na kupiga makofi."

"Mwethya haiwezi itwa bila kazi."

"Basi kazi mtaamua nyinyi wenyewe," alisema Mwalimu Mwangangi, na watu wa mbele wakacheka ili wamfurahishe.

Alikuwa amefanya kosa ambalo hata mtoto wa pale asingelifanya. Mwethya ulioitwa bila kutajiwa kazi humalizia kazi iliyobaki njiani. Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana mwenye akili hutaja kazi kwanza, hata kama ni kung'oa kisiki kimoja. Syokau hakumsahihisha. Alikuwa na hasira za muda mrefu, zile zilizokwisha kupoa na kuwa ngumu, na mtu wa hasira za namna hiyo hapayuki. Aliketi, akafunga kanga yake vizuri.

Jumamosi iliyofuata walipanda kilima kwa mstari mmoja. Walikaa kwenye viti vya mbao wakiwa wamebana magoti, wakatazama vijana wakidunda mpira juu ya mchanga wao. Kiilu akawapungia mkono waanze kuimba. Wakaimba wimbo wanaoujua, ule wa kubeba, Syokau akiongoza. Una maneno machache: majina ya waliochelewa kazini, na peleka, peleka, Ivia Itune kunangoja.

Ilipofika mapumziko, Kiilu aliona kwamba kivuli cha nguzo, ambacho saa hiyo huangukia mlango wa stoo, kimeangukia tuta la sukuma wiki. Akapima kwa hatua. Uwanja mzima, pamoja na nguzo, mistari na wachezaji, ulikuwa umeteremka kidogo kuelekea bondeni. Nyuma yake ulikuwa umeacha ardhi nyekundu iliyolainika. Viti vilibaki pale pale, ikabidi wanachuo wavisogeze mbele ndipo watazamaji waone.

Kocha wa wageni alilalamika. Refa, mtu makini aliyekuwa karani wa korti siku za kazi, alitoa kitabu cha kanuni mfukoni akasoma. Kanuni zilisema urefu wa uwanja na upana wake, zikasema kimo cha kikapu. Hazikusema uwanja ukae wapi. Alipuliza filimbi, mchezo ukaendelea.

Tangu hapo uwanja uliteremka kila Jumamosi wanawake walipoimba. Ulipita katikati ya bustani ya mkuu wa chuo, na kabichi zikatokea upande wa pili zikiwa nzima. Ulipita kwenye ua wa chuo, na ua ukafumuka kisha ukajifunga nyuma yake. Ulivuka barabara siku waliyocheza na chuo cha Meru, na lori la ng'ombe likasubiri mpaka filimbi ya mwisho, dereva akiwa juu ya kichwa cha gari akishangilia wageni. Wachezaji walizoea. Mulei, kijana mrefu wa Kiboko aliyevaa namba saba, alijifunza kurusha mpira nukta moja kabla ya sakafu kujivuta, na pointi zake zikaongezeka.

Na watu wakaja. Kadiri uwanja ulivyokaribia kijiji, ndivyo askari wa chifu walivyokosa kazi. Wazee walitoka na vigoda vyao. Waumini waliokuwa wakifanya mazoezi ya kwaya Jumamosi jioni waliyahamishia asubuhi. Salim akaongeza sanduku la soda, kisha la pili, kisha akamleta mkewe Shufaa wakaange viazi pale pale. Mwalimu Mwangangi alitembea mbele ya umati mikono nyuma, akisema alikuwa ameamua kupeleka mchezo kwa mwananchi. Magazeti hayakuja, lakini alinyoa ndevu kila Ijumaa kwa kuwa huenda yangekuja.

Kalunde aliupenda mpira. Hilo lilimchoma mama yake, lakini msichana hakosi kupenda kitu kizuri kwa sababu kimeibwa. Alijua ni mchezaji gani amekosea na ni yupi amesukumwa. Siku moja Syokau mwenyewe alijikuta amesimama kwenye kiti akimgombeza Mulei kwa kukaa na mpira kama aliyepewa na babake.

"Pasia wenzako," alisema, na aliposikia sauti yake alikaa chini upesi, akakasirika mpaka machozi yakamlenga. Wamemlazimisha kutazama, na sasa amependa. Aliona hata hasira yake wamemchukulia.

Aliendelea kuimba. Usiku alihesabu mashamba yaliyobaki kati ya uwanja na jiwe: la Ndululu, la kanisa, kisha lake mwenyewe. Alimwambia Kalunde kwamba uwanja ukifika Ivia Itune, simiti itakuwa imerudi kwao, na mvua za Novemba zitakuta kuna ukuta.

"Na kwa shimo sitashuka tena?" Kalunde aliuliza.

"Hutashuka."

Aliyepaswa kusema kitu alikuwa Kiilu. Alimkuta Syokau njiani, uwanja ukiwa umelala katika shamba la Ndululu, akavua kofia.

"Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba, "mimi najua hiyo uwanja inaenda wapi."

"Kama unajua, saidia kusema kwa wakubwa wako. Wewe ulikuwa kwa lori."

"Mimi ni mwalimu ya michezo tu, mwaitu. Nikisema watanipeleka mahali mbali, Mandera ama wapi. Niko na watoto."

"Mimi pia nilikuwa na watoto," alisema Syokau.

Kiilu alivaa kofia yake. Alikuwa mtu mzuri, kila mtu alisema hivyo, na uzuri wake haukuwahi kumsaidia mtu yeyote hata siku moja.

Uwanja ulifika Ivia Itune katika mechi ya mwisho kabla ya mvua. Ulivuka shamba la Syokau katika robo ya pili bila kukanyaga mbaazi zake, ukajisogeza chini ya jiwe, ukatulia mahali pale pale ambapo fundi wa Sultan Hamud alikuwa amepigilia vigingi. Kingo zake ziligusana na vigingi hivyo. Wanawake waliendelea kuimba hadi mchezo ulipoisha, na baada ya mchezo kuisha, na baada ya wageni kupanda gari lao. Waliimba huku wakiitazama sakafu. Sakafu haikuinuka kuwa ukuta.

Mzee Ndululu, aliyekuwa fundi wa mawe enzi za ukoloni, ndiye aliyewaeleza. Wimbo wa kubeba hubeba, alisema. Haujengi. Kazi yenu mmeimaliza, mzigo umefika. Kujenga ni nyundo.

Basi itakuwa nyundo, wakakubaliana. Wanaume watakuja Jumatatu, watavunja sakafu vipande vipande, Ndululu atavipanga kwa chokaa na udongo, ukuta utasimama kabla ya mvua. Syokau alilala usiku huo bila kuota, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea tangu mwaka wa njaa.

Jumatatu asubuhi walikuta nguzo za ua zimekwisha kuchimbiwa. Mpima ardhi kutoka Kitui alikuwa na mnyororo wake na miwani. Chifu alikuwapo, askari wawili walikuwapo, na Mwalimu Mwangangi alikuwa amekaa juu ya Ivia Itune, mahali penye vidimbwi, akitazama uwanja kutoka juu kwa furaha ya kweli.

"Hapa ndiyo mahali," alisema. "Angalieni hili jiwe. Watu maelfu watakaa, na kila mtu ataona. Hata Nairobi hakuna kitu kama hii."

Chifu alieleza sheria. Uwanja ni mali ya chuo. Mali ya chuo hukaa katika ardhi ya chuo. Uwanja umekaa hapa, kwa hiyo hapa ni ardhi ya chuo, pamoja na jiwe, pamoja na sehemu ya mbaazi ambayo uwanja ulipita, kwa sababu chuo kinahitaji njia. Alisema yote hayo taratibu, na mpima ardhi akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa kwa upande wa vipimo hakukuwa na tatizo lolote.

"Hiyo simiti ni yetu," alisema Syokau.

"Ilikuwa ya harambee, mama," alisema Mwalimu Mwangangi, akiteremka jiwe kwa uangalifu asichafue viatu. "Harambee ni ya wote. Hata wewe si ulikuwa unakaa hapo mbele kabisa unashangilia? Nani amefaidi kuliko nyinyi?"

"Ilikuwa ya maji. Mtoto wangu alikufa kwa shimo. Wewe ulikuja matanga, ukakula chakula yangu, ukasema utasaidia. Nakuambia mbele ya hawa watu wote. Wewe ni mwizi."

Wanaume walitazama nyundo zao. Askari mmoja alikohoa. Mwalimu Mwangangi hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Syokau kuliko tusi lolote. Alimwekea mkono begani.

"Uko na haki ya kusikia uchungu," alisema. "Tutaliangalia hilo jambo la maji."

Syokau aliutoa mkono ule begani kama anavyotoa kupe kwenye mbuzi. Chifu akawaambia watu watawanyike, wakatawanyika. Nyundo zilirudi majumbani zikiwa safi.

Ua ukakamilika wiki hiyo. Mvua za Novemba zilinyesha kidogo, kama zilivyonyesha mwaka uliotangulia. Maji yaliteremka Ivia Itune, yakauosha uwanja vizuri, yakafuata mistari myeupe hadi kwenye pembe, yakatoka kwa mfereji ambao chuo kilichimba ili wachezaji wasiteleze, yakapotelea vichakani. Vidimbwi vya juu ya jiwe vilizibwa kwa kokoto, kwa kuwa mtazamaji angeweza kuteguka mguu. Wanawake walikuwa wakipata humo maji ya wiki moja kwa mwaka. Sasa hawakupata hata hiyo wiki.

Mwethya uliacha kuimba. Syokau hakuhitaji kuwashawishi wenzake. Chifu alituma askari, na wanawake wakaja uwanjani kama walivyoamriwa, wakaketi juu ya jiwe mikono mapajani, midomo imefungwa, mpira ukitoka huku na kwenda kule. Uwanja nao ulitulia. Mulei alikosa mitupo yake mitatu ya kwanza kwa sababu sakafu haikujivuta alivyozoea. Lakini wageni waliotoka Embu, Meru na Machakos walikuwa wamesikia habari za kuimba, wakaulizia kuimba kuko wapi, na afisa wa elimu akaandika kwamba michezo ya mkoa ingependeza zaidi kukiwa na nyimbo za wenyeji.

Ilitokea kwamba Salim alikuwa na redio kaseti. Siku uwanja ulipovuka barabara alikuwa ameinasa sauti ya wanawake, bila nia mbaya, kwa kuwa mkewe Shufaa aliupenda wimbo ule. Mwalimu Mwangangi aliposikia hayo aliiomba kaseti, akanunua vipaza sauti viwili, akavifunga kwenye nguzo juu kabisa ya Ivia Itune. Salim alisitasita. Akaenda kwa Syokau kumwambia, kwa sababu alikuwa amekula naye chumvi miaka mingi.

"Mama Mbula, wameniomba ile kaseti. Nifanye nini?"

"Ulishawapa?"

"Nimeshawapa."

"Basi unaniuliza nini?" alisema Syokau.

Walijaribu kaseti katika mechi ya kwanza ya michezo ya mkoa. Kiilu alisimama kando na kigingi mkononi, amepigilia kingine kwenye pembe ya uwanja ili apime kama utasogea. Haukusogea hata unywele mmoja. Sauti ilikuwapo, majina ya waliochelewa yalikuwapo, Ivia Itune ilikuwapo, lakini hakukuwa na mtu mwenye mzigo. Mwalimu Mwangangi alifurahi sana. Alimpongeza Salim kwa mkono. Juu ya jiwe watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye matawi ya migunga nje ya ua, na afisa wa elimu, aliyekuwa amewekewa kiti chenye kitambaa, aligeuza shingo kushoto na kulia, asione mahali patupu popote. Alisema chuo hiki ni mfano. Kila chuo cha mkoa kitumwe kuja kujifunza hapa.

Syokau hakuwapo. Jumamosi hiyo askari walimkosa nyumbani, kwa kuwa alikuwa ameondoka alfajiri na Kalunde kwenda mtoni. Mchanga ulikuwa umekauka tena na shimo limerefuka. Kalunde alivua viatu, akafunga leso kiunoni ili ashuke, na mama yake akamshika mkono.

"Kaa hapo juu," alisema. "Leo nashuka mimi."

"Mama, na magoti yako?"

"Kaa hapo juu, nimesema."

Alishuka kwa kushikilia mizizi, akitafuta mahali pa kuweka mguu. Chini kulikuwa na ubaridi na giza kidogo, na ukuta wa mchanga ulikuwa ukidondoka punje punje mabegani mwake. Alichimba kwa mikono mpaka mchanga ukalowa, akangoja maji yajikusanye, akaanza kuyachota kwa kata. Maji yalikuja polepole. Alikuwa amempandishia Kalunde kata kadhaa kwa kamba, na mtungi haujafika nusu, ndipo vipaza sauti vilipofunguliwa kule kwenye jiwe.

Umati ulinguruma. Kisha wimbo ukaanza, mkubwa kuliko walivyowahi kuuimba, na juu ya sauti zote ilikuwapo sauti ya anayeongoza, ikiita majina na kuwahimiza watu wapeleke mzigo. Sauti ilipita juu ya mbaazi na migunga, ikafika mtoni, ikashuka ndani ya shimo. Punje za mchanga zilitikisika.

Kalunde aliinama ukingoni.

"Mama," alisema, "huyo ni wewe anaimba."

Syokau alikuwa ameinama, akingoja maji yajae tena kwenye alama ya vidole vyake.

"Mimi niko huku chini," alisema. "Shika kata."